Mboga za Mapholo

Pale kijijini, nje kidogo ya mji wa Mafeteng, mwanamke aliyepanda mboga ndani ya beseni bovu, ndani ya tairi, ndani ya gunia la unga na hata ndani ya buti la mgodini lililotoboka kidole alikuwa mmoja tu, na huyo aliitwa Mapholo. Watu walimcheka. Walimcheka huku wananunua, maana wengine wote walikuwa na viwanja vipana vyenye vumbi na kuku wawili, na yeye mwenye kiwanja cha kuonea huruma ndiye aliyekula kijani mwaka mzima.

"Mapholo, hili buti linazaa vitunguu, la pili linazaa nini?"

"La pili nimeliweka la kukupigia wewe."

Ndivyo alivyokuwa, mdomo hauko mbali. Lakini jina lenyewe hilo walilokuwa wanamwita, jamani, hapo ndipo palipokuwa na jambo. Mapholo maana yake ni mama yake Pholo, na Pholo hakuwapo. Hakuwahi kuwapo. Kwa Wasotho, bibi harusi akifika ukweni hupewa jina la mtoto atakayemzaa, kabla hata hajafungua mzigo wake. Binti huyu kwao aliitwa Moliehi. Siku aliyoingia katika nyumba ile walimvisha blanketi, wakachinja kondoo, wakamwambia kuanzia leo wewe ni Mapholo. Pholo lilikuwa jina la baba mkwe mwenyewe, mzee aliyekuwa ameketi pale pale na kofia yake ya nyasi magotini, anacheka kama mtoto, kwa sababu alijua atazaliwa tena. Mume, Mokete, naye akawa Rapholo, baba yake Pholo. Mke na mume wakalivaa jina, wakakaa kumngoja mwenyewe.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu haikuingia. Mokete alikuwa migodini, ng'ambo ya mpaka, anarudi Pasaka na Krismasi na blanketi jipya na sukari, na kila akiondoka mkewe anahesabu kwa vidole, halafu vidole vinamwambia hapana. Mzee Pholo akafa akisubiri. Watu wakaendelea kumwita, maana ndilo jina lake, wangemwitaje? Mapholo, nigawie chumvi. Mapholo, umeamkaje? Na yeye anaitika. Husemwa kwamba mtu huzoea. Uongo mtupu! Alikuwa na nywele nyeupe kichwani na bado akiitwa kwa ghafla, hasa na mtoto mdogo aliyetumwa, kuna kitu kilimchoma hapa chini ya titi.

Mokete aliporudi moja kwa moja alirudi na sanduku, redio, na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Nyumba kubwa ilikuwa ya mama mkwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Nkhono, yaani bibi. Mokete na mkewe walikuwa na chumba cha bati upande wa lango, na mbele yake kipande cha ardhi ambacho ukitandika ngozi ya ng'ombe, mkia unatoka nje. Jembe Mokete hakuliweza tena. Akiinama mara mbili anakohoa mpaka anakaa chini. Basi akaanza kuokota mawe, jiwe moja, anapumzika, jiwe moja, anapumzika, anayapanga mviringo.

"Rapholo, unachimba kisima juu ya ardhi?" majirani wakamuuliza.

"Najenga shamba la wavivu," aliwajibu, anahema. "Nimeinama vya kutosha kwa wazungu. Sasa shamba liinuke lije kwangu."

Na likainuka. Ukuta wa mawe ulifika kiunoni, na upande mmoja akaacha mwanya wa mtu mmoja kuingia asimame katikati, mkono ufike kila pembe. Chini kabisa aliweka makopo yenye kutu, mifupa na majani ya mshubiri yaliyokatwakatwa, juu yake nyasi kavu, samadi na majivu ya jikoni, kisha udongo, kisha tena nyasi na samadi na udongo, mpaka likajaa. Katikati alisimamisha kikapu kirefu cha fito. Kila kilichotoka jikoni kilikwenda humo, maganda, majani ya chai, na zaidi ya yote maji machafu. Mapholo hakumwaga tone. Maji yalimwosha mtu, yakafua soksi, yakaishia kwenye kikapu, nayo spinachi ikanywa kwa utulivu kutoka chini. Gharama yake yote ilikuwa mbegu, na mbegu yenyewe baada ya mwaka wa kwanza aliivuna mwenyewe kutoka mimea aliyoiacha izeeke. Mokete alikuwa anasimama pale kwenye mwanya asubuhi, na blanketi mabegani, anachuma jani moja moja. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake ya mwisho. Alikufa majani yalipoanza kuwa mekundu milimani, na Mapholo akavaa nguo nyeusi.

Mwaka mzima, ndiyo desturi. Mjane wa nguo nyeusi haingii nyumba za watu, hakai nje jua likizama, haachii sauti. Na mikono yake ina giza la msiba, watu wanaiogopa. Zamani alikuwa anapandisha bendera ya kijani kwenye mlingoti, kila mtu anajua hapa kuna mboga, wanakuja na mabakuli. Alipoipandisha baada ya mazishi, watu waliitazama wakapita. Walewale waliokuwa wanamsifu walikwenda kununua kabichi lililonyauka dukani. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia vizuri kabisa, kwa mbali. Kwa hiyo mboga zikastawi kuliko miaka yote, na mlaji alikuwa mmoja.

Kulikuwa na mtu mwingine katika uwanja ule aliyekaa bila kutajwa sawasawa. Sello, mdogo wake Mokete, alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Bibi harusi alipofika, watu walitega masikio kusikia atapewa jina gani. Nkhono akanyamaza. Kondoo akachinjwa, blanketi likavishwa, jina hakuna. Basi kijiji kikamwita Makoti tu, yaani bibi harusi, na tumbo likaja na bado ni Makoti. Kila mwenye akili alielewa. Bibi kizee analishikilia jina la mumewe. Anataka kuona kwanza.

Makoti alijifungua mwisho wa kipupwe, wakati wa zile pepo zinazobeba uwanja wa mtu mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Mapholo aliona unyasi wa tete umechomekwa juu ya paa la nyumba kubwa, akajua kuna mzazi ndani na si kila mtu anaingia. Kuhusu mtoto mwenyewe hakuambiwa, nani atatoka kwa mzazi aende kuzungumza na mwenye msiba? Alikaa kwenye mwanya wa bustani yake akisubiri. Sello alifika jioni kutoka mashamba ya Free State, ng'ambo ya mpaka, anakovuna asparagasi, mfuko begani, anauliza kwa furaha, "Vipi, mama, vipi?" Kumbe Nkhono alikuwa nyuma ya mlango na fimbo. Alimcharaza! Alimcharaza mgongoni na matakoni, Sello anaruka, anapiga kelele, anacheka, analia. Mtoto akiwa wa kike, baba humwagiwa maji. Akiwa wa kiume hula fimbo. Mapholo alisikia kila pigo kutoka pale alipokuwa, akashika jiwe la ukuta kwa mikono miwili.

Kesho yake alipokwenda bombani, wanawake walikuwa wamekwisha kulijadili. Mmoja, mwenye mdomo kuliko wote, hakuweza kujizuia.

"Sasa tutakuwa na Mapholo wawili katika uwanja mmoja. Tutawaitaje?"

"Si rahisi tu?" akadakia mwenzake. "Mmoja Mapholo wa mtoto, mmoja Mapholo wa spinachi."

Walicheka, wala hawakuwa na ubaya, ni vicheko vya foleni ya maji. Mapholo alijaza ndoo yake. Akarudi nyumbani na maji yanammwagikia miguuni.

Ukame wa mwaka ule mnaukumbuka. Bomba likawa linatoa maji siku moja, siku tatu linatoa hewa. Bustani zote zilizopandwa ardhini ziliungua, za mlimani kwa baridi, za bondeni kwa kiu. Na mzazi anahitaji mboga, asile ugali mkavu, maziwa yatashukaje? Nkhono akavumilia, akavumilia, mwisho akajifunga blanketi lake kwa pini, akavuka uwanja na bakuli. Alisimama nje ya ukuta wa mawe kama askari wa forodha.

"Mapholo."

"Mama."

"Nimefuata moroho, mboga ya mzazi. Wewe usichume. Mkono wako una msiba. Nitachuma mwenyewe."

"Karibu, mama."

Nkhono akaingia kwenye mwanya, akashika spinachi kubwa kuliko zote na kuivuta kwa nguvu zake zote, ikang'oka na mizizi na udongo, ukamrukia usoni.

"Mama! Unaniulia! Vunja jani la nje, uache moyo wake!"

"Usinifundishe kuchuma. Nimechuma kabla mama yako hajaota meno."

"Ulikuwa unachuma porini, mama, huko kila kitu kinaota chenyewe. Hapa mmea mmoja unanilisha mpaka Krismasi."

Nkhono akang'oa wa pili. Halafu akasimama, ana udongo kwenye kope, akafikiri. "Haya. Nawa kwa maji ya mshubiri, mikono yote, mpaka kwenye viwiko. Kisha uchume wewe."

Tangu siku ile Mapholo alinawa maji machungu ya mshubiri kila asubuhi na kuchuma, naye Nkhono alikuja kuchukua. Hawakuwa watu wa kupendana wala kuchukiana. Walikuwa wamefiwa na wanaume walewale. Nkhono alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasema kuhusu miguu yake, kuhusu upepo, kuhusu bei ya unga, na kwa mbali kutoka nyumba kubwa kilio chembamba kinafika, kinakatika. Mapholo alijifanya hakisikii.

Asubuhi moja Nkhono alikawia kuinuka.

"Sello ananisumbua," akasema. "Anataka mtoto apewe jina kabla hajarudi kazini. Nimemwambia asubiri mvua, tumtoe nje siku moja na jina lake."

Mapholo alikuwa anavunja majani.

"Jina la mzee limelala siku nyingi," akasema Nkhono, kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake.

Sasa, kama Mapholo angesikiliza vizuri, angesikia kwamba bibi huyu alikuwa anaomba. Yule mwenye fimbo, asiyeomba chumvi kwa mtu, alikuwa ameketi juu ya ndoo anaomba ruhusa. Lakini Mapholo alisikia wanawake wa bombani. Alisikia Mapholo wa spinachi.

"Halijalala. Nimelibeba mimi," akasema. "Lina mwenyewe, mama. Mwenyewe hakuja, lakini lina mwenyewe. Mkitaka kunivua, nivueni siku ile ile mtakayonivua na hii nguo nyeusi, mmalize kazi yote kwa mara moja."

Nkhono alimtazama. Akachukua bakuli, akaondoka zake. Hakurudi tena kuketi kwenye ile ndoo.

Badala yake aliagiza mboga ziletwe. Mapholo aliruhusiwa kufika mpaka kwenye kizingiti cha nyumba kubwa, aweke bakuli chini, asivuke. Mlango unafunguliwa kidogo, mkono wa Makoti unatoka, unachukua. Siku za kwanza ulikuwa mkono tu. Halafu ukaja na sauti.

"Asante, mama. Leo umeweka na karoti."

"Ndogo ndogo. Zimeota kwenye tairi, hazina pa kwenda. Maziwa yanashuka?"

"Yanashuka mpaka yanalowesha blanketi. Mwenyewe ananyonya kama anafukuzwa."

"Analala?"

"Analala mchana, usiku ni yeye na mimi tunatazamana."

Mapholo akacheka, akaziba mdomo kwa sababu ya nguo aliyovaa. Asubuhi iliyofuata alikuwa amekwisha kuandaa la kuuliza kabla ya kuamka. Ana nywele? Ana rangi ya nani? Anashika kidole? Makoti, aliyefungiwa ndani kwa wiki nyingi na mama mkwe asiyecheka, alikuwa na kiu ya kusema kuliko bustani ya maji, akamweleza kila kitu kupitia upenyo ule. Sikio moja limejikunja kama jani jipya. Ana kidevu cha Sello. Ana hasira.

"Na ukianza kusema wewe, mama, ananyamaza," Makoti akamwambia siku moja. "Hata akiwa analia. Sikiliza."

Mtoto alikuwa anapiga kelele ndani. Mapholo akausogelea upenyo wa mlango.

"We mtoto," akasema. "We mtoto, una nini?"

Kimya kikaingia mle ndani, akasikia pumzi ndogo inakwama kwama. Alirudi kwenye bustani yake hajui amepita wapi. Alisimama kwenye mwanya, mahali aliposimama Mokete, akaegemea ukuta wa mawe akalia mpaka akachoka. Alitaka kumwona. Alitaka kumshika, amnuse kichwani pale panapodunda. Na alitaka kitu kingine ambacho kilimshtua kukijua. Alitaka kuwa na jina la kumwita. "We mtoto" haikutosha. Jina alikuwa nalo mdomoni tayari, lile moja tu, na hilo hakuwahi hata kulitamka maishani mwake. Katika nyumba ile mkamwana halitaji jina la baba mkwe, ni heshima, mpaka siku mtoto atakapolichukua. Hapo ndipo linalegea, linakuwa jina la kuitia mtu uji na kumkemea asicheze na moto. Mapholo aliitika jina hilo mara zisizo na idadi. Kuliita, hata mara moja, hakuwahi.

Akajua amekosea. Yale maneno aliyoyasema juu ya majani ya spinachi, angeweza kuyala yote na mizizi yake. Akangoja nafasi. Nkhono alikuwa anamkwepa, na mwenye nguo nyeusi hawezi kumfuata mtu ndani. Siku moja alimkuta uani anaanika matandiko ya mtoto, akaita kwa mbali.

"Mama. Lile neno nililolisema..."

"Yameisha," Nkhono akamkata, lakini kwa upole, na upole ndio uliomwua. "Nilikusikia. Una haki yako. Hakuna mtu atakayekuvua kitu katika uwanja huu nikiwa hai."

Hapo angesema. Angesema hapo hapo, mama, nivue, mpe. Ulimi ukamwia mzito. Alikuwa ameishi na haki hiyo peke yake miaka mingi mno, na sasa mtu amempa, atairudishaje hadharani kati ya nepi zinazopepea? Akasema, "Asante, mama," akaenda kumwagilia vitunguu. Mpumbavu! Alijiita hivyo mwenyewe, akiwa ameinama juu ya buti la marehemu.

Mvua ilikuja imechelewa, ikanyesha kwa hasira mchana mzima na usiku. Asubuhi milima ilikuwa imeoshwa na njia zimekuwa mito, na Nkhono akasema leo anatoka. Sello alikuwa amerudi na kondoo. Pombe ya mtama ilikuwa tayari, bendera nyeupe ya kutangaza pombe ikapanda, kijiji kikaja kikiwa na matope mpaka magotini. Tete likashushwa kutoka kwenye paa. Mapholo hakuweza kukaa miongoni mwa watu, alisimama kwenye mwanya wa bustani yake na nguo yake nyeusi, majani yamemzunguka mpaka kiunoni, na kutoka pale aliona yote.

Makoti alitoka na mtoto katika blanketi jeupe. Ndiyo mara ya kwanza Mapholo alimwona, na alichoona ni ngumi moja iliyokunjwa, inapigana na hewa. Nkhono akamchukua, akamwinua juu.

"Tazameni," akasema. "Huyu ni mtu wetu. Huyu ni Thabang. Na mama yake, kuanzia leo, msimwite tena Makoti. Ni Mathabang."

Vigelegele vikapasuka, lakini katikati yake kulikuwa na watu waliotazamana. Yule mwenye mdomo wa bombani hakujizuia.

"Na jina la mzee, Nkhono?"

"Jina la mzee lina mwenyewe," akajibu Nkhono.

Akageuka akatazama upande wa bustani, akamwinamishia Mapholo kichwa mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watu wakageuka nao. Mapholo alitakiwa apige kigelegele, akapiga. Kilitoka vizuri tu. Ndani yake alikuwa anaanguka. Amepewa alichokidai, chote, hadharani, na hakuna atakayekigusa tena. Mokete yuko chini ya udongo. Pholo hatatoka popote sasa. Jina litabaki limemvaa yeye peke yake, na siku atakayokufa watalizika naye, na hakuna mtoto katika uwanja ule atakayeitwa nalo aje ale.

Watu wakala, wakanywa, wakaimba. Jioni ilipokaribia wengi walikuwa wameondoka. Nkhono aliburuta kiti chake mpaka karibu na ukuta wa bustani, upande wenye jua la mwisho, akakaa ameipa bustani kisogo, kopo la pombe mkononi, miguu ameinyoosha. Mathabang akaja na mtoto mgongoni.

"Mama, wageni waliobaki wanataka moroho. Wanasema nyama peke yake imewashinda."

"Wamejiona wafalme." Mapholo alikuwa amekwisha kuanza kuchuma.

Mathabang alifungua blanketi, akamteremsha mtoto. Akasita. Alijua hawezi kumweka mikononi mwa mwenye msiba, bado miezi. Basi akatandika blanketi juu ya ukuta wa mawe, pale ulipokuwa mpana, akamlaza mtoto juu yake, kati ya spinachi na vitunguu, na yeye mwenyewe akamshika kiunoni kutoka upande wa nje.

"Humgusi," akasema kwa sauti ya chini. "Unamtazama tu. Kutazama hakujakatazwa."

Mapholo akaweka mikono nyuma. Akainama. Lile sikio lililojikunja lilikuwa kama alivyoambiwa. Mtoto alikuwa anatazama jani lililokuwa likicheza juu ya uso wake, amelikunjia kipaji, ana hasira nalo. Alinukia maziwa na moshi. Mapholo alitaka kusema we mtoto. Alifungua mdomo aseme we mtoto.

"Pholo," akasema.

Halikuwa kubwa, lakini lilisikika. Mathabang akainua macho, ameogopa, akatazama kule kwenye kiti. Mtoto akaacha jani, akageuza kichwa kuifuata ile sauti ya kizingitini, akamkodolea macho.

"Anaitwa Thabang, mama," Mathabang akanong'ona, si kwa kumsahihisha, ni kwa kumwokoa.

"Najua, mwanangu. Najua anaitwa nani. Nimetaka tu..." Hakumaliza. Machozi yalikuwa yanaangukia spinachi na mikono ilikuwa nyuma, hakuweza kuyafuta.

Pale kwenye kiti, kopo la pombe lilikuwa limesimama nusu ya njia kuelekea mdomoni. Mkamwana ametaja jina la baba mkwe, waziwazi, akiwa na nguo nyeusi, siku ya sherehe. Wote wawili walingoja fimbo ya maneno. Nkhono hakugeuka. Alikuwa amekaa na jina la mumewe ambalo halikuwa limeitwa katika uwanja ule tangu walipomzika.

"Mapholo," akasema.

"Mama."

"Mwite tena."

Mapholo akavuta pumzi, akaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wake kutoka mbali, na yule bibi akaweka kopo chini matopeni na kujifunika uso kwa blanketi.